Kushona kwilti juu ya karatasi: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Kwilti (blanketi la tabaka lenye uso wa viraka vilivyoungwa) inaposhonwa juu ya karatasi yenye mchoro, mistari ndiyo inayoiongoza sindano. Ndiyo maana ncha za nyota na pembetatu nyembamba hutoka kali hata kwa mtu ambaye mkono wake haujazoea kukata kwa vipimo. Tatizo ni kwamba kosa huonekana mbali na pale lilipofanyika. Kiraka kinachogoma kufunika sehemu yake kiliwekwa vibaya kabla ya kushonwa. Safu ya bloku (vipande vya viraka vinavyoungwa kuwa kwilti) isiyotoshea mwishoni iliharibikia kwenye printa, kabla kitambaa hakijaguswa. Ukifumua mshono ulio mbele yako bila kurudi kwenye chanzo, utaushona tena vilevile.

Kwanza utaratibu wenyewe kwa ufupi, maana dalili zote zinaupima huo. Mchoro una sehemu zenye namba. Unashona upande wenye wino. Vitambaa hukaa upande wa pili, usio na wino. Kiraka namba 1 hulazwa mgongo ukigusa karatasi na uso ukitazama juu. Kiraka namba 2 hulazwa juu yake, uso kwa uso. Unageuza karatasi, unashona juu ya mstari unaotenganisha 1 na 2, unafungua kiraka 2 na kukipiga pasi. Kisha unakunja karatasi kwenye mstari unaofuata, unakata kitambaa kilichozidi ubakize akiba ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki nje ya mstari, ya robo inchi (takriban milimita 6), halafu unaweka kiraka 3 ukingo wake ukilingana na ukingo uliokata. Urefu wa mshono uwe milimita 1.5, sindano namba 90/14, uzi mwembamba wa pamba wa namba 50. Sindano ya 80/12 inafaa pia, ila matundu yake kwenye karatasi ni madogo, hivyo karatasi itatoka kwa shida kidogo.

Kiraka kikifunguliwa hakifuniki sehemu yake

Hili ndilo kosa linaloongoza, na lina vyanzo vitatu visivyofanana.

Chanzo cha kwanza ni kulaza kiraka kwa jinsi unavyotaka kionekane kikishafunguliwa. Kiraka hakisogei moja kwa moja kwenda mahali pake. Huzunguka kwenye mstari wa mshono kama mlango kwenye bawaba. Mstari ukiwa umenyooka na sehemu ikiwa mstatili, hutaona tofauti. Mstari ukiwa wa mshazari, ncha iliyokuwa juu kushoto huangukia pengine kabisa, na pembe moja ya sehemu hubaki wazi. Dawa yake ni kujaribu kabla ya kushona: chomeka pini mbili juu ya mstari wenyewe, fungua kiraka kana kwamba umeshashona, kisha inua karatasi mbele ya taa au dirisha. Kivuli cha kitambaa kivuke mistari yote ya sehemu hiyo kwa milimita 6 au zaidi. Pembe moja tu ikipungua, zungusha kiraka kabla hujashona. Jaribio hili linachukua sekunde chache, na kufumua mshono wa milimita 1.5 kunachukua dakika kumi zenye maudhi, kwa hiyo usiliruke hata pale unapojiamini.

Chanzo cha pili ni kukata kiraka kidogo kwa kuogopa kupoteza kitambaa. Mbinu hii hula kitambaa, na ni bora ulikubali hilo mapema. Kwa sehemu za mstatili, pima mahali papana zaidi na parefu zaidi, kisha ongeza sentimita 2 kwenye kila kipimo: sehemu ya sentimita 4 kwa 9 inahitaji kiraka cha sentimita 6 kwa 11. Kwa sehemu za mshazari ongeza sentimita 3, na kwa ncha ndefu nyembamba ongeza hata 4 kwenye urefu. Vipande vinavyokatwa baadaye vitafaa kwenye sehemu ndogo za bloku nyingine.

Chanzo cha tatu huwapata wale wanaokata viraka kwa umbo badala ya mstatili. Mchoro uliochapwa ni kinyume cha bloku itakavyoonekana, kwa hiyo umbo likikatwa bila kuzingatia hilo litatoka limegeuka na halitatoshea hata ulizungushe vipi. Weka kitambaa mgongo juu, laza umbo la karatasi wino ukiwa juu, kata ukiacha sentimita 1 hadi 1.5 kuzunguka pande zote. Ukikata kitambaa kilichokunjwa mara mbili ili kuharakisha, nusu ya vipande vitakuwa vimegeuka.

Na kama umeshashona? Angalia upungufu uko wapi. Ukiwa ndani ya akiba ya mshono na bado kuna milimita 4 nje ya mstari, acha, mshono utashika. Chini ya hapo fumua. Usijaribu kubandika kipande kidogo cha kuziba pembe, kwa kuwa kitaongeza mshono usiokuwepo kwenye mchoro na utaonekana kwa mbele.

Namna ya kufumua bila kuharibu karatasi: usianze upande wa karatasi. Vuta viraka viwili taratibu mpaka nyuzi zionekane katikati yao, zikate kwa ncha ya kisu cha kufumulia huku ukiendelea kuvuta kidogo kidogo. Karatasi itabaki imeshikamana na kiraka cha chini. Mstari ukiwa umetoboka mno, bandika selotepu nyembamba upande wenye wino, juu ya mstari, ushone tena. Kuanzia hapo pasi isiguse selotepu. Itayeyuka na gundi itaingia kwenye kitambaa.

Bloku imetoka kinyume

Ukishona upande wenye wino na vitambaa vikiwa nyuma, bloku lazima itoke kama mchoro unavyoonekana kwenye kioo. Kwa nyota zenye pande sawa hakuna anayejua. Kwa herufi, mnyama anayetazama upande mmoja, au umbo la pangaboi linalozunguka upande mmoja, kosa linaonekana toka mlangoni. Soma maelezo ya mchoro: mingine imeshageuzwa na mtengenezaji, mingine haijageuzwa. Ukiwa na shaka, shikilia karatasi dhidi ya mwanga na uitazame kwa upande usio na wino. Unachokiona hapo ndicho utakachopata. Printa nyingi zina chaguo la kugeuza picha kabla ya kuchapa.

Kinachouma zaidi ni bloku yenye sehemu A, B na C ambapo moja tu imechapwa kwa kugeuzwa. Kila sehemu itashonwa vizuri, halafu hazitaungana. Weka sehemu zote mezani kabla ya kuanza, wino juu, uone kama mistari inaendelea kutoka karatasi moja hadi nyingine.

Rangi zilizokosewa mahali zina chanzo hichohicho: mtu anatazama picha ya bloku iliyokamilika huku anashona kwenye kinyume chake. Andika jina la rangi ndani ya kila sehemu kwa penseli, upande wenye wino, kabla hujakata chochote.

Bloku ni ndogo au hazilingani

Pima karatasi kabla ya kulaumu mkono. Programu nyingi za kuchapa hupunguza ukurasa ili uingie ndani ya karatasi bila kuuliza. Michoro mingi imetengenezwa kwa karatasi ya Marekani yenye upana wa milimita 215.9, ilhali A4 ina milimita 210. Programu ikilazimisha ukurasa huo uingie kwenye A4, mchoro hushuka hadi takriban asilimia 97. Bloku ya sentimita 15 inakuwa sentimita 14.55. Ukiitazama peke yake hutaona kitu. Safu ya bloku kumi itapungua sentimita 4.5, na pindo la kwilti ulilokata kwa hesabu sahihi litabaki na ziada ya kushangaza.

Michoro mizuri huwa na kisanduku cha majaribio cha inchi 1. Kitumie, lakini usikitegemee peke yake: kwa asilimia 97 kinapungua kwa chini ya milimita 1, na rula ya plastiki yenye mistari minene haitakuonyesha. Pima mstari mrefu kuliko yote kwenye mchoro, kisha ulinganishe na kipimo kilichoandikwa. Chapa kwa asilimia 100, au kwa chaguo linaloitwa ukubwa halisi.

Bloku zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe, uliza karatasi zilitoka wapi. Fotokopi huvuta mchoro kidogo, mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine, na fotokopi ya fotokopi huvuta tena. Toa nakala zote siku moja, kwenye mashine moja, kutoka kwenye mchoro wa asili. Zikilingana zenyewe kwa zenyewe, hata tofauti ndogo na kipimo cha mchoro inavumilika, ilmradi pindo na vipande vya kati uvikate kwa kufuata bloku ulizo nazo mkononi.

Kuna upungufu mwingine ambao si wa printa. Mstari wa nje wa mchoro huwa mara mbili: wa ndani ni wa kushonea, wa nje ni wa kukatia. Aliyekata kwenye mstari wa ndani amepoteza akiba yote ya mshono. Bloku hiyo haiokoki kwa ujanja. Fumua viraka vya ukingoni, weka vipya. Ukipunguza bloku, weka rula ili alama yake ya robo inchi ikae juu ya mstari wa kushonea, badala ya kufuata tu ukingo wa karatasi, ambao mkasi wa kwanza huenda ulishaupindisha.

Kuna mkunjo mdogo kando ya mshono, na bloku inapiga tumbo

Kiraka hakikufunguliwa hadi mwisho wake. Kilipigwa pasi kikiwa kimebakiza ukunjo wa milimita moja juu ya mshono, kisha mshono uliofuata ukaukamata hivyohivyo. Karatasi ikiwa bado ipo bloku inaonekana bapa. Karatasi ikitoka, kile kitambaa kilichojificha kinalegea, na sehemu hiyo inavimba. Kwenye bloku yenye viraka kumi na viwili, milimita moja kwa kila mshono ni nyingi.

Fungua kiraka kwa ukucha au kipande cha mbao laini kwanza, ukisukuma kutoka kiraka cha zamani kuelekea kipya, halafu pasi. Pasi ikae upande wa vitambaa, ibonyezwe na kuinuliwa, isiburutwe. Usitumie mvuke: karatasi hujikunja, wino wa printa za majimaji hutoka, na kitambaa cha mshazari huvutika. Wino wa printa ya leza huyeyuka kwa joto na unaweza kuhamia kwenye kitambaa cha meza ya pasi na kutoka hapo kwenda kwenye bloku inayofuata. Tandika kitambaa chakavu cheupe chini, na ukiangalie mara kwa mara.

Wakati mwingine mkunjo si wa pasi: kiraka cha zamani kilijikunja chini ya karatasi wakati unashona, kikashonewa ndani. Pitisha vidole chini ya karatasi kila unapoiweka kwenye meno ya cherehani. Huwezi kuona huko, lakini vidole vinahisi.

Karatasi inachanika mapema, au haitoki kabisa

Dalili hizi mbili zina chanzo kimoja, yaani uwiano wa urefu wa mshono na uzito wa karatasi. Mshono wa milimita 1 unakata karatasi kabla kazi haijaisha. Mshono wa 2.5 uliozoeleka kwa nguo hauitoboi vya kutosha, na ukivuta karatasi unavuta nyuzi nazo. Matokeo yake ni mishono iliyolegea inayoonyesha uzi kwa mbele. Karatasi ya ofisini ya gramu 80 inafanya kazi kwa 1.5. Karatasi nyembamba zaidi inatoka kwa urahisi, na kwa hiyo unaweza kwenda 1.8. Jaribu kwenye kipande kabla ya kuanza bloku ya kwanza.

Namna ya kuvuta ina uzito wake. Anza na kiraka cha mwisho urudi kuelekea namba 1, maana mshono wa mwisho umepita juu ya karatasi ya sehemu za awali. Kunja karatasi kwenye mstari, ikwaruze kwa ukucha, shika mshono wenyewe kwa kidole gumba cha mkono mmoja, kisha uchane kwa pembeni kama unavyochana tiketi, usivute kwenda juu. Vipande vinavyobaki kwenye pembe vitolewe kwa kibano. Matone machache ya maji kwa brashi hulainisha karatasi sugu, ila si kwenye karatasi yenye wino unaotoka kwa maji.

Karatasi ikikatika wakati unaikunja ili upunguze akiba ya mshono, sababu huwa ni mshono uliovuka mstari. Hilo ni la kawaida, kwa kuwa lazima uvuke kidogo. Iachanishe karatasi na zile nyuzi mbili tatu zilizovuka, kunja, kata, endelea.

Ncha hazikutani sehemu zinapounganishwa

Kila sehemu ilitoka safi, na zikiunganishwa ncha ya nyota inakosa mwenzake kwa milimita mbili. Hapa karatasi bado ni rafiki yako, kwa hiyo usiitoe.

Chukua pini nyembamba ndefu. Ichomeke wima kwenye pembe halisi ya mstari wa karatasi ya kwanza, itokee kwenye pembe ileile ya karatasi ya pili. Itazame pande zote mbili: kama inatokea kando ya pembe, hata kwa unene wa uzi, irudie. Acha pini hiyo imesimama wima, halafu chomeka pini mbili za kawaida, moja kila upande wake, milimita 5 kutoka hapo. Sasa toa ile ya wima. Wengi huilaza na kushona nayo. Inapolala inasukuma tabaka la juu, na usahihi wote ulioutafuta umepotea. Fanya hivyo kwa kila pembe na kila makutano.

Kisha piga bandi (mshono mrefu wa muda) kwa cherehani, mshono wa milimita 5, sentimita 2 hadi 3 tu kwenye kila makutano. Fungua, tazama uso wa kitambaa. Ikikubali, shona mstari mzima kwa mshono wa milimita 1.5 hadi 2. Ikikataa, kufumua bandi ni kuvuta uzi mmoja.

Ncha zikikutana lakini zimekatwa kileleni, mshono umepita ndani ya mstari. Kitambaa kina unene na kinapokunjwa juu ya mshono kinameza sehemu ndogo ya urefu, kwa hiyo kwenye makutano ya ncha nyingi shona unywele mmoja nje ya mstari, upande wa akiba. Unywele tu, ukizidisha, ncha itaelea mbali na mshono.

Uvimbe kwenye makutano hutokana na tabaka nyingi kuangukia upande mmoja. Toa karatasi iliyo ndani ya akiba ya mshono huo tu, kisha ufungue mshono pande mbili na kuupiga pasi. Hii ni tofauti na mishono ya ndani ya sehemu, ambayo yote hulala upande wa kiraka kipya na huna uchaguzi.

Bloku inavutika baada ya karatasi kutoka

Tazama ukingo wa nje. Kama nyuzi za mtande (za urefu wa kitambaa) na za mshindio (za upana) zinaukata kwa mshazari, ukingo huo unavutika kama mpira, na karatasi pekee ndiyo iliyokuwa inauzuia. Viraka vya ndani vinaweza kukatwa upande wowote, vinabanwa na mishono pande zote. Viraka vya ukingoni vinataka mtande au mshindio uende sambamba na ukingo wa bloku. Hilo lina thamani kuliko mwelekeo wa maua kwenye kitambaa. Ikiwa umeshachelewa, usitoe karatasi mpaka bloku iwe imeungana na majirani zake pande zote nne, na kabla ya kuitoa upige mshono mmoja wa kushikiza milimita 3 kutoka ukingoni, ndani ya akiba. Kunyunyizia wanga kwenye kitambaa na kukipiga pasi kabla ya kukata husaidia pia.

Kivuli cheusi chini ya kitambaa cheupe

Akiba ya kiraka cheusi imelala chini ya cheupe na imezidi kile cheupe. Kabla ya kufungua kiraka, kata akiba ya cheusi iwe fupi kwa milimita 2 kuliko ya cheupe. Ukiligundua baada ya karatasi kutoka, bado unaweza kuingiza mkasi mdogo nyuma na kupunguza. Likigunduliwa baada ya tabaka zote za kwilti kushonwa pamoja, haliondoki.

Mshono unafumuka mwanzoni au mwishoni

Ulianzia juu ya mstari badala ya kabla yake. Anza milimita 6 kabla, maliza milimita 6 baada, ili mshono unaofuata upite juu na kuufunga. Hakuna haja ya kurudi nyuma kwa cherehani. Kurudi nyuma kwa mshono mfupi namna hii kunakata karatasi na kuacha fundo.

Cherehani inalalamika

Karatasi hufanya sindano iwe butu haraka kuliko kitambaa. Ukisikia mlio wa kugonga badala ya kutoboa, au ukiona mshono unaruka, badilisha sindano kwanza kabla ya kugusa mkazo wa uzi. Vumbi la karatasi hujaa chini ya bamba la sindano na kuzunguka bobini, likichanganyika na nyuzi za pamba linavuta uzi wa chini na kufanya mafundo. Fungua bamba na kusafisha kwa brashi kila unapojaza bobini upya. Usipulize kwa mdomo, unyevu hushikisha vumbi ndani. Sindano iliyomaliza kazi ya karatasi isirudi kwenye nguo. Iwekee alama uitumie kwenye karatasi nyingine au uitupe.

Ukitumia bafta badala ya karatasi

Bafta, kitambaa chepesi cha pamba, haitolewi, hivyo matatizo ya kuchanika yanaisha na mengine yanaanza. Ifue na kuipiga pasi kabla ya kuchora, la sivyo itasinyaa kwenye kufuliwa kwa kwanza na kuvuta viraka vya juu vifanye mawimbi. Chora kwa penseli au kalamu isiyotoka kwa maji. Mshono urudi milimita 2 hadi 2.5, hakuna cha kutoboa. Kunja kwenye mstari kwa msaada wa kadibodi nyembamba, kwa kuwa kitambaa hakishiki mkunjo kama karatasi. Na kama unapanga kushona tabaka za kwilti kwa mkono, hesabu tabaka ya ziada itakayokuwepo kila mahali: sindano ya mkono itapita kwa taabu, na kwenye makutano haitapita. Kwa kazi hiyo bafta iwe nyembamba kadiri inavyopatikana, au kwilti ishonwe kwa cherehani.